Nyangamara, Mahali Wimbo Unapoitikiwa

Sikuona studio Nyangamara. Sikuona ukumbi wa dansi, wala bango la tamasha, wala kijana aliyevaa miwani ya jua usiku akijiita prodyuza. Ni kata ya wakulima katika Halmashauri ya Mtama, mkoani Lindi, nchi ya Wamwera na Wamakonde, na Wamakua na Wayao waliochanganyika nao. Nchi ya mikorosho, muhogo, ufuta na mbaazi. Hata hivyo, mtunzi kijana akinijia na lile swali la siku zote, kwamba nyimbo zake ni nzuri lakini watu hawazishiki, simwelekezi kwenye studio za Sinza wala Mikocheni. Namwambia akate tiketi ya basi la kusini.

Kusini kwenyewe kumesogea. Waliosafiri kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 watakusimulia habari za kivuko cha Rufiji na malori yaliyonasa kwenye tope wakati wa masika. Leo unatoka Dar es Salaam alfajiri, unapita Kibiti na Somanga, unafika Nangurukuru ambako njia ya Kilwa inachepuka kuelekea baharini, na alasiri uko Lindi, mji uliokaa mdomoni mwa ghuba yake na kuitazama Kitunda ng'ambo. Ukiwa na muda lala hapo. Upepo wa kusi unavuma barazani na hakuna anayekuharakisha.

Kutoka Lindi barabara inaizunguka ghuba hadi Mnazi Mmoja, njia panda ambako wa Mtwara na wa Masasi wanaachana. Kila basi linasimama. Mabeseni yanapandishwa hadi kwenye madirisha: samaki wa kukaanga, korosho, karanga, mayai ya kuchemsha. Nakushauri usinunue upesi. Sikiliza kwanza. Kila mchuuzi ana mwito wake wa maneno mawili au matatu, na wameugawana uwanja ule kwa sauti bila kuandikiana mkataba: huyu anapandisha mwishoni, yule anakata ghafla, mama wa karanga anavuta silabi ya kwanza mpaka abiria aliyesinzia afumbue macho. Wote wanauza vitu vilevile kwa bei ileile. Anayeuza zaidi ni yule ambaye mwito wake abiria wameanza kuuigiza kwa utani kabla basi halijasimama sawasawa. Mtunzi mwenye masikio angeweza kurudi nyumbani tokea hapo, nauli yake imeshalipa.

Lakini twende. Baada ya Mnazi Mmoja njia inaifuata nchi ya Mto Lukuledi kuelekea bara. Mtama nilishuka, nikapanda bodaboda, lami ikabaki nyuma. Dereva alikuwa amefunga spika ndogo kwenye usukani, singeli inapiga kwa kasi ambayo pikipiki yenyewe isingeiweza kwenye mchanga ule. Hakuwa anauimba wimbo. Alikuwa anamjibu yule MC, neno kwa neno, pale tu palipoachwa pengo.

Nilifika mikorosho ikiwa imechanua. Mkorosho ukitoa maua, hewa inakuwa na utamu mzito unaokwama kooni, na juu ya utamu huo kuna harufu ya salfa, ule unga wa manjano wanaoupuliza kuzuia ubwiri unga. Ufuta ulikuwa umeshakung'utwa. Magunia yalikwisha kupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi kusubiri mnada, na kila baraza lilikuwa na mtaalamu wake wa kubashiri bei. Ni majira mazuri ya kuijua nchi hii. Kazi nzito ya shamba imepungua, fedha kidogo imeingia au inakaribia, na watoto wanapelekwa jandoni na unyagoni. Serikali husisitiza mambo hayo yafanywe wakati wa likizo, watoto wasikose masomo, kwa hiyo wiki za likizo hujaa ngoma.

Chakula sitakiacha. Mwenyeji wangu alinipa ugali wa muhogo mweupe, mlaini, na mbaazi za nazi zilizopikwa mpaka zikasahau kwamba zilikuwa punje. Asubuhi kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini ambavyo watu wa Lindi na Mtwara wakiwa ugenini huvitaja kwa sauti ya kumtaja ndugu. Mgeni anaambiwa avimenye kwa vidole, asitake kisu.

Usiku wa kwanza ngoma ilianza baada ya isha, upande wa pili wa mashamba. Nikasimama, nikatafuta viatu. Mwenyeji akanizuia kwa upole. "Huko kwa akina mama, kaka. Mwali anachezwa. Wewe sikilizia hapahapa."

Nikasikilizia hapohapo, juu ya mkeka, mgongo ukutani. Kwa umbali ule sauti ya manju haikunifikia hata kidogo. Nilijua anaimba kwa sababu ngoma zilishuka na pengo likafunguka; kisha kiitikio kikaja, sauti za wanawake wengi kwa mkupuo, kikafunga pengo, ngoma zikapanda tena. Pengo, kiitikio. Pengo, kiitikio. Nilikuwa napata upande mmoja tu wa mazungumzo. Maneno yalikuwa ya lugha ya kwao na sikuyaelewa. Baada ya muda nikajisikia ninaitikia chinichini, kwa wakati wake, bila kukosea. Nimeushika wimbo ambao mwimbaji wake sijamsikia.

Nimefanya kazi ya muziki miaka mingi, na kama watunzi wengi, jasho langu lote limekuwa likimwagikia beti. Tunachonga mstari, tunatafuta kina kigumu, tunaweka fumbo ndani ya fumbo, halafu kiitikio tunakiandika mwishoni, haraka, kwa sababu lazima kiwepo. Ule mkeka wa Nyangamara ulinionyesha wimbo ukiwa umevuliwa kila ninachokihangaikia, na bado ulikuwa umesimama.

Kuna mtu aliyewahi kupita njia hizi akasikia kinyume chake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi akafuata bonde la Lukuledi hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Nchi ilikuwa bado ina majeraha ya Majimaji; misheni ya Nyangao, jirani na hapa, ilikuwa imeharibiwa mwaka mmoja kabla. Weule alibeba fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na akawaimbisha watu mbele yake. Ni bahati kubwa kwamba alifanya hivyo. Lakini fikiria mashine yenyewe. Silinda moja ilibeba dakika mbili tatu tu. Pembe yake ilitaka mwimbaji asogee karibu kabisa, aimbie ndani, na waliosimama nyuma wakabaki uvumi. Ngoma ya usiku kucha ikakatwa ikabaki dakika mbili, na umati ukakatwa akabaki mtu mmoja.

Naona historia nzima ya muziki wa kurekodi imeanzia katika makato hayo mawili. Dakika za silinda zikawa dakika tatu za santuri, na za santuri zikawa dakika tatu za redio na za simu. Mwimbaji aliyesogezwa mbele ya pembe ndiye leo anayefungiwa kwenye kibanda cha studio na vipokea sauti masikioni. Hatumlaumu. Lakini asishangae akitoka humo na wimbo usiojua kuacha pengo.

(Silinda za Weule zimehifadhiwa Berlin. Na mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kutoka kilima cha Tendaguru, katika mkoa huuhuu, iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, nayo iko Berlin. Lindi ina amana mbili kule, mifupa na sauti. Kelele zote ni za mifupa.)

Siku iliyofuata nilimtafuta mpigaji ngoma. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, anakagua ngozi. Ngoma za huku zina sauti zake na vyeo vyake, kubwa ya kukokota na ndogo kali ya kuchokoza, na zote huoteshwa moto ngozi ikaze kabla ya kupigwa. Kazi hiyo haina haraka. Unakoka majani makavu, unainamisha ngoma, unaipiga kidole, unasikiliza, unairudisha motoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wasemaje wa huko?"

Nikamwambia ninatoka Dar es Salaam, natunga nyimbo.

"Za nani?"

Nikadhani anauliza bendi. Nikamtajia. Akatikisa kichwa na kugonga ngozi kwa ukucha. "Bendi nimesikia. Nauliza, anayeitikia nani?"

Sikuwa na jibu la maana, naye hakulingoja. Akaanza kunieleza kazi yake kana kwamba nimekuja kuajiriwa. Alisema mpigaji ngoma mchanga anajisikiliza mikono. Aliyekomaa anatazama miguu. Miguu ikianza kuburuza, anabadilisha mdundo kabla mchezaji mwenyewe hajajua amechoka. Wimbo ukiwa na maneno mengi, wachezaji wanasimama kusikiliza, na mchezaji aliyesimama ni vumbi limetulia, ngoma imekufa. Manju anayejua kazi huanza na habari kidogo, anawapa watu kitu cha kukishika, wakishakishika ndipo anaongeza habari. Asipokishikisha mapema, uwanja unamwachia wimbo wake. Hawamzomei. Wanaanzisha mwingine.

Hilo la mwisho nimelifikiria sana. Watunzi tunaogopa kuzomewa, na hapa kuna hukumu iliyo kali kuliko kuzomewa: watu wanaanzisha mwingine.

Yote haya yaliwahi kuwa kanuni ya muziki wetu wa dansi, hata kama hakuna aliyeiandika ukutani. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya mwaka 1978 na Sikinde yake, zote ziliazima majina ya ngoma. Mimi naona ziliazima zaidi ya majina. Bendi zilipiga kumbini wiki nzima. Wimbo mpya ulipelekwa mbele ya watu ukiwa mbichi, na mwenye gitaa la solo alikuwa na miguu ya kutazama. Ulikuwa umeshachezwa, umeshakatwa na kuongezwa, ndipo ukapelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodiwa, ambako tena kulikuwa na watu wa kuyapitia maneno yake. Sikiliza muundo wenyewe: sehemu ya kwanza polepole, kisa kinasimuliwa, mwimbaji kama Gurumo au Bitchuka anakupeleka taratibu; kisha inakuja chemko, maneno yanapungua, waimbaji wanakuwa kikosi, saksafoni na magitaa yanajibizana, na ukumbi wote uko katikati. Chemko ni pale bendi inaposema: sasa ni zamu yenu. Mtu wa Nyangamara hahitaji kuelezwa.

Redio binafsi zilipoingia miaka ya 1990, na kompyuta ikachukua kazi ya ukumbi, wimbo ukaanza kuzaliwa chumbani. Prodyuza mmoja, mwimbaji mmoja, mlango umefungwa. Zimetoka kazi nzuri humo, nisiwe mzee wa kulalamika. Lakini tazama singeli ilikozaliwa. Ilitoka kwenye vigodoro vya Tandale na Manzese, kwenye barabara iliyofungwa kwa turubai, MC akiwa amesimama katikati ya watu wanaomvuta shati na kumtajia majina. Wakosoaji waliidharau kwa kasi yake na kwa matusi yake, wakati mwingine kwa haki. Hawakuuliza kwa nini dereva wa bodaboda mamia ya kilomita kutoka Tandale anajua mahali pa kujibu. Na kijana wa Kimakonde kutoka Mtwara, Harmonize, aliyejiita Konde Boy hadharani jijini Dar es Salaam, ambako zamani Mmakonde alitaniwa kwa asili yake, ana nyimbo nyingi ambazo watoto walivijua viitikio vyake kabla ya kuzijua beti. Kusini kumesambaa kuliko kunavyosifiwa.

Kuna safari nyingine ya ngoma za kusini ambayo siifurahii sana. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliwaambia Wabunge kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba na twist lakini hatujui gombe sugu wala lelemama, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Alisema kweli iliyohitaji kusemwa. Ikaundwa timu ya ngoma ya taifa, na katika ngoma zilizochukuliwa, sindimba ya Wamakonde ikapata jina kuliko nyingi. Ikafundishwa shuleni, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikazua ubishi juu ya viuno, na baadaye ikaingia katika mafunzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Nimeiona ikichezwa vizuri mno jukwaani. Miguu safi, mavazi yanafanana, mwanzo na mwisho vimepangwa. Na mbele yake kuna viti, na kwenye viti kuna watu wamekunja mikono. Wanapiga makofi mwisho. Makofi ya mwisho ni adabu tu. Nyangamara hakuna mwisho wa kungojea; asiyecheza anapiga makofi ya mdundo, asiyepiga makofi anaitikia, na mtoto asiyejua lolote anarushwa mgongoni mwa mama yake kwa wakati unaotakiwa.

Mchana, ngoma zikiwa zimelala, nilikuwa nazurura. Hapo ndipo unapojua zinakotoka. Wanawake wawili wanatwanga muhogo mkavu kwa kupokezana katika kinu kimoja, mchi huu unashuka huu unapanda, na wa tatu akijiunga hawasimamishi kazi kumpa nafasi. Anaingia katikati ya mapigo, na mdundo unageuka. Vijana wanaochimba msingi wanaimba mmoja akianza na wengine wakijibu, jembe linashuka kwenye jibu. Alhamisi jioni nilisikia dufu na kaswida kutoka madrasa, watoto wakivuta shingo, mwalimu akikata kwa kiganja. Jumapili ukienda Nyangao utakuta kwaya na ngoma kanisani. Dini zimegawana siku lakini zote mbili zinajua kumwacha mmoja aanze na wengi wamalize.

Maneno nayo yanatoka barazani. Usiku wa pili ilikuwa ngoma ya wote, nami nikaruhusiwa. Mwenyeji alinitafsiria sikioni. Manju aliimba bei ya ufuta. Aliimba mizani isiyopenda wakulima. Alimwimba kijana aliyepata fedha ya korosho msimu uliopita, akanunua spika kubwa kabla ya kuezeka, na sasa spika inanyeshewa. Hakumtaja jina, na kila mtu alikuwa anamtazama. Kijana mwenyewe alikuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote, afanyeje? Kwa hiyo wimbo ulikuwa gazeti na baraza la usuluhishi kwa pamoja. Siti binti Saad alijua siri hii Zanzibar, ndiyo maana santuri zake zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928 ziliuzika pwani nzima: kesi ya mahakamani, kisa cha mtaani, mambo ambayo msikilizaji alikuwa ameshayazungumza jioni ya jana. Watunzi wetu wengi siku hizi wanaimba mapenzi yasiyo na anwani. Hakuna mtaa, hakuna msimu, hakuna bei ya kitu. Msikilizaji ataitikia nini, wakati hajui yametokea wapi?

Pwani hii hata ilipoandika iliandika kwa sikio. Lindi ndiko alikoishi Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa Vita vya Majimaji, ukachapishwa Ujerumani mwaka 1933 na tena Afrika Mashariki mwaka 1957. Watu huutumia kama ushahidi wa historia, na ni ushahidi. Mimi naushika kama kazi ya kusikilizwa. Utenzi una vipande vinne katika ubeti, mizani nane kila kipande, vitatu vya kwanza vinaimbana vyenyewe, na cha nne kinarudi kwenye kina kilekile tangu ubeti wa mwanzo hadi wa mwisho. Msikilizaji hajui habari itakayokuja: nani amekufa, mji gani umechomwa. Lakini anajua sauti itatua wapi. Kwa hiyo anangoja, na kila ubeti unamlipa. Hata akiwa kimya anaitikia moyoni.

Na wako walioigeuza kanuni hii ikawa nguvu ya nchi. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwavuta wanawake wa Dar es Salaam, ilimpata Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kuongoza katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliwapitia viongozi wa vikundi vya ngoma, na wanawake wakaja kwa maelfu. Wanahistoria wanaeleza mtandao wa vikundi vile, nao wana hoja. Mimi naongeza jambo dogo la kazi yetu: manju anapopanda jukwaa la siasa, anajua mahali pa kunyamaza ili umati useme. Mwanasiasa wa kawaida hajui.

Siku moja jioni walinitaka nami niimbe. Nilikuwa na wimbo uliokuwa umekwama miezi mingi: beti tatu, kiitikio cha mistari minne chenye maneno niliyoyapenda. Niliimba bila ala, watu kama kumi wamekaa, mzee wa ngoma akiwamo. Ubeti wa kwanza ulikuwa na kijineno nilichokiweka katikati ya mstari kupumzishia pumzi tu, hakina maana kubwa. Mara ya pili nilipokifikia, mama mmoja akakijibu. Mara ya tatu wakakijibu wanne. Nilipoingia kwenye kiitikio changu cha mistari minne, wakanisikiliza kwa heshima, kimya kabisa, kama wanavyomsikiliza mgeni rasmi, na nilipomaliza wakarudia kile kijineno na kuanza kukipigia makofi. Mzee akavuta debe tupu la maji. Ndani ya muda mfupi walikuwa na wimbo, na ulikuwa wangu kwa sehemu ndogo. Kiitikio cha mistari minne nimekitoa. Ubeti wa tatu pia, kwa sababu hawakuufikia, walikuwa wanacheza.

Ukitaka kwenda, nenda Juni au Julai kwa ajili ya ngoma, au ngoja Oktoba hadi Desemba ukutane na mavuno ya korosho, mabibo yameanguka chini ya kila mti na uraka unazunguka kwa vikombe. Uraka unanywewa kivulini, polepole. Anayekukaribisha kitu kikali zaidi mwambie unaendesha. Ukifika jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwenye ngoma, toa mchango wako wa sukari au sabuni bila kusubiri kuombwa. Unyago si wa wanaume na jando si la wanawake, na kusimama mbali ukasikiliza hakukupunguzii kitu. Simu iache mfukoni. Si kwamba wataikataa. Wengine watakuomba uwapige picha. Ni kwamba ukishika simu mikono yako haina kazi nyingine, na huku mtu asiye na kazi anaonekana haraka. Mimi usiku wa pili nilikuwa nimesimama pembeni na daftari, ninaandika, ninaandika. Mwenyeji wangu akacheka, akaacha kunitafsiria. Nikamsukuma anieleze wanaimba nini sasa.

"Wanakuimba wewe," akasema. "Mgeni anayehesabu ngoma badala ya kuicheza. Haya, itikia, wanakungoja."